Sura ya Sita: Kilichovunjika na Kilichovunja

Injini ikizimika njiani kati ya Ruangwa na Nachingwea, mwenye gari huuliza mambo mawili kabla vumbi halijatulia: kimekufa nini, na kitagharimu kiasi gani? Fundi, kwa kuwa ameulizwa hivyo, hujibu hivyo. Gasketi imeungua. Metali zimekwisha. Mkanda wa taimingi umekatika. Watu wanapatana bei, kipuri kinaagizwa Dar es Salaam, kinafika kwa basi, kinafungwa, na gari linarudi kazini. Baada ya muda si mrefu limelala tena kwa ugonjwa uleule, na lawama zinaanza kuruka: fundi analaumu spea feki, mwenye gari anamlaumu fundi, na dereva analaumiwa na wote wawili.

Sura hii inahusu swali la tatu, ambalo lilipaswa kutangulia hayo mawili. Ni nini kilichokivunja kipuri hicho? Na kabla injini haijasimama, kipuri hicho kimekwenda kuharibu nini kingine? Majibu ya hapo ndiyo yanayoamua kama injini ibadilishiwe kipuri kimoja, au ifumuliwe yote, ipimwe, ichongwe na kufungwa upya, kazi ambayo gereji zetu huiita ovahoo. Ukubwa wa kilichovunjika si kigezo. Pampu ya maji ni kitu kidogo, lakini ikifa na dereva akaendelea kukanyaga mafuta, injini nzima inaweza kuishia kwenye chuma chakavu. Mkanda uliokatika huogopesha kila mtu, ilhali wakati mwingine hupinda valvu chache tu na sehemu ya chini ikabaki salama.

Somo la mashamba ya karanga

Wilaya hizi zina historia ya mitambo ambayo kila fundi anapaswa kuijua. Mwaka 1947 serikali ya Uingereza ilianzisha mpango mkubwa wa kulima karanga Tanganyika, katika maeneo matatu: Kongwa, Urambo na Nachingwea. Vita vya Pili vya Dunia vilikuwa vimekwisha, Uingereza ilikuwa na upungufu wa mafuta ya kula, na Waziri wa Chakula, John Strachey, aliusimamia mpango huo bungeni kwa matumaini makubwa. Kwa ajili ya Nachingwea ilijengwa reli kutoka Mkwaya, karibu na Lindi, na bandari ya kina kirefu ikajengwa Mtwara.

Matrekta mapya hayakupatikana kwa urahisi baada ya vita. Kwa hiyo yalinunuliwa yaliyokwisha kutumika, mengi yakitoka kwenye mabaki ya jeshi la Marekani huko Ufilipino, ambako yalikuwa yameachwa nje kwenye mvua na jua. Kwa nje yalionekana mitambo, lakini hali ya silinda, metali na giaboksi zake ilikuwa fumbo. Vilevile vifaru vya kivita aina ya Sherman viligeuzwa kuwa matrekta na kampuni ya Vickers-Armstrongs. Madereva wengi walikuwa wamefunzwa haraka haraka, na karakana na vipuri vilichelewa kufika kuliko mitambo yenyewe. Mwaka wa kwanza wa kazi haujaisha, huko Kongwa ambako ufyekaji ulianzia, karibu theluthi mbili ya matrekta yaliyoletwa yalikuwa hayafanyi kazi. Januari 1951 serikali ilitangaza kuuacha mpango huo, na hasara ikafikia takriban pauni milioni 36. Reli ya kusini nayo ilifungwa na kung'olewa mwanzoni mwa miaka ya 1960.

Mpango ule uliuawa na mambo mengi: mvua zisizotabirika, udongo uliogeuka mgumu wakati wa kiangazi, na haraka ya wanasiasa. Kwa upande wa injini, somo lake liko wazi. Kila trekta lilipokufa, kilichoonekana kilikuwa kipuri kilichovunjika. Vilivyokivunja vilikuwa palepale shambani: vumbi, udongo unaosaga chuma, dereva asiyejua kusoma geji ya joto, na injini ambayo haikupimwa ndani kabla ya kununuliwa. Kuleta kipuri kipya bila kuviondoa hivyo kulikuwa ni kukipeleka kipuri kwenye kifo kilekile.

Njia tatu za kifo

Injini hufa kwa namna nyingi, lakini kwa mwenye gari anayetaka kuamua, inatosha kujua njia tatu ambazo uharibifu husafiri kutoka sehemu moja hadi nyingine: joto, chembe za chuma, na vumbi.

Joto ndilo la kawaida zaidi. Rejeta imeziba, feni belti imekatika, thamostati imeng'ang'ania, au pampu ya maji imeacha kusukuma. Injini nyingi zina hedi ya aluminiamu iliyokaa juu ya bloku la chuma, na aluminiamu hutanuka karibu mara mbili ya chuma kwa joto lilelile. Hedi imebanwa na bolti, haina pa kwenda, hivyo inapinda. Gasketi inapoteza mbano, maji yanaingia kwenye silinda au kwenye oili. Dalili zake wengi wanazijua: oili inageuka rangi ya chai ya maziwa, moshi mweupe hauishi hata injini ikipata moto, na mapovu yanachemka kwenye rejeta.

Hapa swali ni moja: joto liliishia wapi? Kama dereva alizima mara tu mshale ulipopanda, mara nyingi uharibifu uko kwenye hedi peke yake. Hedi inapimwa, inaskimiwa ikiwa bado ina unene wa kutosha, gasketi inabadilishwa, na pampu au rejeta iliyosababisha yote hayo inashughulikiwa siku hiyohiyo. Lakini kama gari liliendeshwa hadi likazima lenyewe, pistoni zilitanuka zikasugua kuta za silinda, na ringi zikapoteza unyumbufu wake. Hedi mpya juu ya silinda zilizokwaruzwa ni fedha iliyotupwa.

Mfano mmoja unaonyesha jinsi mvunjaji anavyoweza kujificha. Toyota Noah na Voxy za kuanzia mwaka 2001 nyingi zina injini aina ya 1AZ-FSE, ambayo bloku lake ni la aluminiamu. Katika injini za familia hiyo, nyuzi zinazoshika bolti za hedi ndani ya bloku zinaweza kung'oka. Maji yanapungua bila tundu kuonekana, injini inachemka, na fundi anabadili gasketi. Gasketi mpya inadumu kwa muda mfupi, inabadilishwa tena, kisha hedi inashukiwa, inaskimiwa, na ugonjwa unarudi. Gasketi haikuwa na kosa. Bolti zilikuwa zinazunguka bila kubana. Dawa yake ni kutoboa matundu hayo na kupachika nyuzi za chuma, kazi ya uangalifu inayohitaji vifaa vyake lakini isiyohitaji ovahoo. Mtu aliyebadili gasketi mara tatu ametumia fedha nyingi kuliko yule aliyetibu nyuzi mara moja.

Njia ya pili ni chembe za chuma. Krankishafti haigusani na metali zake, yaani beringi inamozungukia. Katikati yake kuna utando mwembamba sana wa oili, na utando huo ndio unaobeba kishindo chote cha mwako. Oili ikipungua, ikichakaa au ikikosa presha, chuma kinakutana na chuma na injini inaanza kugonga. Metali moja ikisagika, ungaunga wake hauishii hapo. Pampu ya oili inaupeleka kwenye kila mfereji: metali nyingine, kemshafti, kuta za silinda, na kipoza oili kwa injini zenye nacho.

Hii ndiyo sababu injini iliyogonga haitibiwi kwa kubadili metali moja iliyokufa. Zote zimekunywa oili ileile. Kranki lazima ipimwe kwa maikromita, na ikiwa ina mikwaruzo au imepoteza uduara, ichongwe hadi kipimo kidogo zaidi, kwa kawaida pungufu kwa 0.25 au 0.50 ya milimita, kisha zitafutwe metali nene za kulingana nayo. Mifereji ya oili ioshwe hadi ndani, na kipoza oili kisafishwe kweli au kibadilishwe. Chembe za chuma zikishaenea, kazi sahihi ni ovahoo, hata kama kilichokufa ni kipuri cha ukubwa wa kidole.

Njia ya tatu ni vumbi, na huku kwetu ndiyo inayoua polepole zaidi. Punje za mchanga ni ngumu kuliko chuma cha silinda. Filta ya hewa ikichanika, au mpira unaoiunganisha na injini ukipasuka, vumbi jekundu linavutwa ndani na kuwa msasa kati ya ringi na ukuta. Silinda inalika zaidi sehemu ya juu, pale ringi ya kwanza inapogeukia, kwa kuwa hapo joto na presha ni kubwa na oili ni haba. Injini inaanza kula oili, kutoa moshi wa bluu na kupoteza nguvu mlimani.

Wengi hujaribu kuiokoa injini ya namna hii kwa ringi mpya peke yake. Mara chache inafaa, silinda zikiwa bado ndani ya kipimo na zikahoniwa vizuri. Lakini silinda ikiwa imelika, juu kabisa hubaki ukingo ambao ringi haikuufikia. Ringi mpya ikigonga ukingo huo huvunjika, na hata isipovunjika, haiwezi kuziba silinda iliyokuwa pana juu na nyembamba chini. Kuna methali kwamba usipoziba ufa utajenga ukuta, na kwa injini ni kweli mara nyingi. Hata hivyo ufa unaotoka kwenye msingi hauzibwi kwa lipu. Ringi mpya katika silinda iliyolika ni lipu ya namna hiyo.

Vipimo kabla ya maneno

Fundi mzoefu husikia mengi kwa sikio, na sikio lake liheshimiwe. Ila uamuzi wa ovahoo ni uamuzi wa fedha nyingi, na unastahili namba. Namba hizo hupatikana kwa hatua zinazoanzia nje kwenda ndani, kila hatua ikieleza kama inayofuata inahitajika.

Kwanza oili. Ichomolewe kwenye chombo safi, iangaliwe juani. Kisha filta ya oili ikatwe, karatasi yake ikunjuliwe na kukaguliwa. Vimetameta vya fedha au vya rangi ya shaba vinatoka kwenye metali. Pitisha sumaku: vinavyoshika ni chuma cha kranki, ringi au kemshafti, visivyoshika ni aluminiamu, shaba au risasi. Kipimo hiki hakigharimu chochote zaidi ya filta ambayo ingetupwa hata hivyo, na kinaweza kumaliza mjadala kabla hedi haijafunguliwa.

Pili kompresheni. Injini ndogo ya petroli yenye afya husoma kati ya baa 12 na 15 hivi, na kitabu cha mtengenezaji husema kikomo cha kila injini. Muhimu zaidi ni tofauti kati ya silinda na silinda. Zote zikiwa chini kwa kulingana, injini imezeeka yote. Moja ikiwa chini na nyingine nzima, tafuta sababu ya hiyo moja. Kwa injini ya petroli, mimina kijiko cha oili ndani ya silinda dhaifu na upime tena. Namba ikipanda, ringi na ukuta ndio wagonjwa. Isipopanda, tatizo liko kwenye valvu au gasketi, yaani juu, na sehemu ya chini inaweza kuachwa.

Tatu, hedi ikifunguliwa, iwekewe rula ya chuma iliyonyooka na fila geji ipitishwe chini yake. Kwa hedi nyingi za injini ndogo za petroli kikomo cha kupinda huwa kati ya 0.05 na 0.10 ya milimita, upana unaokaribia unywele wa binadamu. Jicho haliwezi kuona tofauti hiyo. Fundi anayesema "hedi iko sawa" bila kuiwekea rula anatoa maoni yake, na maoni hayazibi maji.

Nne, silinda zipimwe juu, katikati na chini, kwa pande mbili zinazokatana. Hapo ndipo aina ya injini inapoanza kuamua. Dizeli ya 1HZ ya Land Cruiser na Coaster, ya lita 4.2 na silinda sita, ina bloku la chuma lililotengenezwa kuchongwa na kuvalishwa pistoni kubwa zaidi. Bloku hilo linastahili ovahoo. Kinyume chake, 1ZZ-FE iliyomo katika magari mengi madogo ya Toyota ina slivu nyembamba ndani ya aluminiamu, na mtengenezaji hakuruhusu zichongwe. Silinda zake zikilika kupita kikomo, kumtaka fundi azichonge ni kumtaka afanye kazi ambayo bloku haliwezi kuibeba. Hapo ni kutafuta injini nyingine.

Kalenda ya ufuta na korosho

Ukishapata namba, bado kuna hesabu ambayo kitabu cha mtengenezaji hakina, na inategemea mahali gari linapofanyia kazi. Nachingwea iko zaidi ya kilometa 500 kutoka Dar es Salaam, na mashine za kuchonga kranki hazipatikani kila wilaya. Kwa hiyo kranki inasafiri kwenda na kurudi, na gari linalala. Gharama ya kweli ni kipuri, ufundi, usafiri, na siku zote ambazo gari halikuingiza kitu. Mwenye Canter anayeisahau sehemu hiyo ya mwisho atadanganyika kila mara.

Ruangwa, Nachingwea na Liwale zinaunganishwa na chama kikuu cha ushirika cha RUNALI, na mwaka wa usafirishaji unafuata minada yake. Ufuta hutoka katikati ya mwaka, korosho huanza Oktoba na kumalizikia karibu na mwaka mpya. Mvua kubwa zikishika, njia nyingi za vijijini hazipitiki vizuri na mzigo unapungua. Miezi hiyo ya mvua ndiyo miezi ya ovahoo. Aliyepima injini yake Februari anachagua fundi, anasubiri vipuri halisi, na anaikabili Oktoba bila wasiwasi. Aliyesubiri mpaka ife Oktoba ananunua chochote kilicho dukani kwa bei yoyote.

Ikifa katikati ya msimu, je, inaweza kuvutwa mpaka Januari? Jibu langu ni kwamba kuna ugonjwa unaosubiri na ugonjwa usiosubiri. Injini inayokula oili na kutoa moshi wa bluu, lakini haigongi wala haichemki, inaweza kumaliza msimu kama oili inakaguliwa kila asubuhi na filta ya hewa imerekebishwa. Injini inayogonga chini haisubiri hata safari moja. Kila mzunguko unakula kranki ambayo jana ingechongwa na kesho itakuwa chakavu, na konrodi ikikatika inatoboa bloku, hapo hakuna tena cha kufanyia ovahoo. Injini inayochemka nayo haisubiri. Kuongeza maji kila kilometa chache kutoka Nanganga hadi Nachingwea kunamfikisha abiria, na kunampotezea mwenye gari hedi.

Injini ya mtumba

Mbali na kubadili kipuri au kufanya ovahoo, kuna njia nyingine, inayopendwa kwa sababu ni ya haraka: kununua injini iliyotumika iliyoletwa kutoka nje. Wakati mwingine ndiyo njia sahihi kabisa, hasa bloku lisipochongeka au likiwa limetoboka. Lakini mnunuzi akumbuke matrekta ya Ufilipino. Injini ya mtumba ni historia ya mtu mwingine iliyopakwa rangi. Ipimwe kompresheni kabla ya fedha kutoka. Kifuniko cha oili kifunguliwe, na uchafu mweusi mzito uliogandia humo uchukuliwe kuwa ushahidi wa oili isiyobadilishwa. Mkanda wa taimingi, sili na pampu ya maji vibadilishwe injini ikiwa bado chini, kwa kuwa hapo kazi ni nyepesi na ikishafungwa itakuwa nzito. Kadi ya gari ina namba ya injini, hivyo badiliko hilo lipelekwe TRA mapema, kabla halijaleta maswali siku ya kuuza gari.

Jambo la mwisho kuhusu njia hii ndilo linalosahaulika zaidi. Rejeta iliyoziba iliyoua injini ya kwanza bado iko kwenye gari. Filta ya hewa iliyochanika bado iko. Dereva asiyetazama geji bado ana ufunguo.

Mapatano na fundi

Uamuzi kati ya kukarabati na kujenga upya huharibika mapema, siku ya kupatana bei. Mwenye gari anataka bei moja kabla injini haijafunguliwa, na fundi, akiogopa kumpoteza mteja, anaitaja. Kuanzia hapo namba yoyote itakayoonekana ndani inakuwa adui wa mapatano. Kranki ikionekana imelika, fundi anaona aibu kurudi kuomba fedha zaidi. Anaifunga hivyohivyo na kumwomba Mungu.

Ninapendekeza mapatano mawili badala ya moja. La kwanza ni la kufungua na kupima, lenye malipo yake kamili, hata kama mwisho wake gari litapelekwa kwingine au litauzwa. La pili lifanyike baada ya namba kuandikwa kwenye daftari: kompresheni ya kila silinda, kupinda kwa hedi, kipimo cha kranki na silinda, na sababu ya kifo kwa maneno ya fundi mwenyewe. Mahali pa sababu pakiwa wazi, kazi isianze. Fundi akilipwa kwa kupima, hana haja ya kubahatisha ili ale. Na kijana anayejifunza hapo gereji, akimwona bwana wake anaandika namba kabla ya kushika spana, atajifunza ufundi ambao haumalizikii kwenye kubadili vipuri.

Mwenye gari naye ana wajibu wake, na hautimizwi na mtu mwingine. Mfundishe dereva kuzima injini mshale unapopanda, na umwambie mapema kwamba hatakatwa mshahara kwa kuchelewesha mzigo kwa sababu hiyo. Dereva anayeogopa kusimama ndiye anayegeuza kazi ya pampu ya maji kuwa kazi ya injini nzima. Ukiondoa hofu hiyo, injini nyingi hazitafika kwenye swali la ovahoo kabisa.